Kikombe Kilichoiva Njiani

Jina alilopewa na wazazi wake mtaa ulishalisahau. Watu walimwita Upinzani. Mvua isiponyesha, kosa la wakubwa; ikinyesha, kosa ni la wakubwa walewale waliosahau kuzibua mitaro. Yeye alikuwa fundi viatu, na soli ikibanduka kabla ya wakati wake aliigeuzageuza mkononi na kusema, "Unaiona gundi hii? Kuna mtu ofisini ameila." Wateja wakacheka, wakalipa, wakaenda zao. Hawakujua kuwa mzaha ule ulikuwa na msumari ndani, na msumari ndani ya kiatu anaujua mvaaji.

Msumari wenyewe ni huu. Mkewe alifia hospitali kubwa, juu ya benchi la ukumbini, akisubiri mashine. Mashine ilikuwepo. Ilikuwa imefunikwa shuka jeupe kama maiti, ndani ya chumba kilichofungwa, na mwenye ufunguo alikuwa semina. Semina ya nini? Ya kuboresha huduma. Upinzani aliachia masomo darasa la nne, lakini jambo hilo hata asiyejua a wala be angelielewa. Mtu akafa, wakubwa wakatoa pole, wakasema wanajitahidi, na shuka likabaki palepale.

Nyumbani alibakiwa na mkwe wake, mama mzazi wa marehemu. Bibi huyo alikuja kumuuguza mwanawe, akaishia kumzika, naye hakurudi kwake kwa sababu huko kwake hakukuwa na wa kumfungulia mlango. Wakaishi hivyo, vyumba viwili, pazia katikati. Asubuhi Upinzani aliuliza, "Umeamkaje, mama?" Naye akajibu, "Nimeamka, baba." Basi, hadi kesho. Marehemu ndiye aliyekuwa daraja lao. Daraja limekatika, kila mmoja yuko ng'ambo yake na heshima zake.

Kisha mama akaacha kula. Hakugomba, hakulia. Sahani iliingia nyuma ya pazia ikatoka vilevile. "Nimeshiba, baba." Ameshiba nini, upepo? Meno hakuwa nayo, hilo linajulikana, kwa hiyo Upinzani alipika uji. Ukatoka na madonge ya kuweza kumpigia mwizi. Akalowesha mkate kwenye maziwa. Akaponda ndizi. Bibi aligusa kwa ncha ya kijiko, akasema ahsante, akageukia ukuta.

Muuguzi wa zahanati alipopita aliifinya ngozi ya mkono wa bibi juu juu, na ngozi ikabaki imesimama kama hema. Akamvuta Upinzani mlangoni.

"Baba, huyu anakauka. Keshokutwa nitapita tena. Nikikuta bado hali, hapana budi tumpeleke hospitali kubwa awekewe mrija wa puani."

"Hospitali ipi?"

"Baba, si unajua ipo moja tu."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia, nyembamba lakini imenyooka: "Lile jengo silikanyagi tena. Nizikeni kutokea hapahapa."

Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, mkwe na mkwe walikuwa wamekubaliana jambo. Na hilo ndilo lililomtisha Upinzani. Kumpinga muuguzi angeweza, kazi hiyo aliijua. Lakini njaa haipingiki. Mama asipokula, jengo lile litamchukua, na yeye analijua: huingia mtu, hurudi nguo ndani ya mfuko.

Kijiwe chake cha kushonea viatu kilikuwa kwenye baraza la posta iliyofungwa. (Wakubwa walisema barua zimekwisha duniani, wakaondoka na funguo.) Ng'ambo ya barabara, palipokuwa studio ya picha, palifunguliwa jiko la vyakula vya Kijapani. Jiko, si hoteli. Hakukuwa na meza, hakukuwa na kiti, hakukuwa hata na mlango wa wateja. Palikuwa na dirisha dogo, chini chini, usawa wa kitovu. Unainama, unaagiza, unapewa, unakwenda kulia kwako. Kinachoonekana ndani ni mikono miwili tu. Watu walimwita mwenyewe Mama Dirisha.

Upinzani alikuwa na maoni yake kuhusu dirisha lile, kama alivyokuwa na maoni kuhusu kila kitu. "Hoteli gani haikupi hata kigoda? Hata mahakamani, kabla hawajakufunga, unakalishwa benchi."

Kesho yake baada ya muuguzi kupita, fundi cherehani wa jirani, mwanamke wa maneno mengi na sindano nyingi kifuani, alikuja kushonewa kandambili. Alimkuta Upinzani anashona kiatu cha kushoto kwenye soli ya kulia.

"Leo umewapinga mpaka viatu, mzee wangu?"

Akamweleza. Fundi cherehani akasikiliza, na mara hiyo hakutia utani.

"Mnunulie lile yai la pale ng'ambo. Chawanmushi."

"Nini?"

"Chawanmushi. Yai la kikombe, linapikwa kwa mvuke. Nilipong'olewa lile gego nilikaa na njaa, sikuweza hata chai. Nikala hilo. Hulitafuni, hata ulimi haulifanyii kazi."

"Jina refu kuliko kikombe. Na hao watu si ndio wanaokula samaki mbichi?"

"Wewe hujala kibichi hujala kibivu, na bibi naye hali. Unachagua nini?"

Neno hilo lilimwingia kama sindano ya kushonea viatu. Akajipangusa gundi, akavuka barabara, akainama.

Mikono ndani ya dirisha ilikuwa inafuta ubao. Mikono ya mtu mzima, yenye mishipa, kucha zimekatwa hadi mwisho.

"Karibu," ikasema sauti ya mwanamke.

"Nataka yai. La kikombe."

"Ni la nani?"

Upinzani akakunja uso. "Unauza au unapeleleza?"

"Nauliza anayekula."

"Mkwe wangu. Meno hana, hamu hana. Kesho wanataka kumtia mrija."

Mikono ikaanza kazi, na Upinzani, ambaye alitaka kuweka mgongo wake wima, akajikuta ameng'ang'ania kuinama. Mkono mmoja ulipasua mayai kwa kugonga mara moja tu, bila kishindo. Vijiti viwili vikayakoroga, lakini si kwa kupiga kama watu wanavyopiga mayai hadi yatoe povu. Vilikwenda na kurudi vikigusa kitako cha bakuli, polepole, kama mtu anayemwamsha mtoto asimlize. Ikamiminwa supu ya rangi ya chai hafifu. Harufu yake ilimfikia: bahari kwa mbali, na moshi kwa mbali zaidi.

"Hiyo nini?"

"Supu ya mwani na samaki mkavu aliyekunwa. Samaki hayumo, usihofu. Ameshatoa alichokuwa nacho."

Mchanganyiko ukapitishwa kwenye chujio. Kikombe cha udongo, si kikubwa, kikawekwa uyoga mmoja na kamba mmoja aliyekatwa vipande vidogo kama punje. "Kuku namwacha, kwa ajili ya meno," sauti ikasema, na kimiminika kikamwagwa juu yake taratibu. Povu moja dogo lilijitokeza. Ncha ya kijiti ikaligusa, likapotea. Kikombe kikaingia kwenye sufuria ya mvuke.

"Unakaa wapi?"

"Hilo nalo unauliza?"

"Unakaa wapi, mzee?"

"Nyuma ya tangi la maji."

"Unatembea haraka au polepole?"

Upinzani akachoka. Kila ofisi aliyowahi kuingia ilimuuliza maswali, na mwisho wa maswali palikuwa na njoo kesho. "Natembea kama mtu mwenye njaa nyumbani kwake," akasema.

Mikono ikaondoa kikombe, ikakifunika kwa kifuniko chake cha udongo, ikakizungushia taulo, ikakifunga kitambaa chenye fundo juu. "Nenda moja kwa moja. Usitikise. Kikombe kirudi."

Akaenda. Na laiti ingekuwa safari tu, kisa kingeishia hapo. Lakini mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, na Upinzani alikuwa ameumwa na wengi. Alipofika kwenye mtaro, ule ambao manispaa waliuchimba kutafuta bomba, wakalikosa, wakauacha wazi na ubao mmoja juu yake, wazo lilimjia: mbona limeiva upesi hivyo? Mchele unachukua muda, maharage yanachukua mchana kutwa, hili kufumba na kufumbua limefungwa kitambaa! Huyu naye ameniona mjinga. Akatua fundo juu ya kifusi, akalifungua, akainua kifuniko.

Maji. Maji ya njano, pembeni yameanza kuganda kama maziwa yaliyotaka kuharibika, katikati uyoga unaelea.

Alirudi barabara ile bila kugusa chini. Alipofika dirishani hakuinama. Alipiga ubao kwa kiganja.

"Yai bichi! Mgonjwa yuko kitandani, nawe unaniuzia yai bichi! Mmezoea, nyie wote mmezoea! Mnachukua cha mtu mkiwa mmejificha, hata sura hamtoi!"

Watu wawili waliokuwa kwenye foleni walirudi nyuma. Kisha jambo ambalo mtaa haujawahi kuliona likatokea: mtu aliinama kwa ndani, na uso ukajaa dirishani. Bibi wa Kijapani, mvi zimebanwa kwa kitambaa, miwani imetiwa ukungu na mvuke. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyezeekea hapa.

"Ulifungua," akasema.

"Nimefungua! Mtu asikague mali yake?"

"Ulifungua njiani."

"Nimefungua nikakuta bichi!"

"Ulikuta halijafika," yule bibi akasema. Hakupandisha sauti. "Nilikuuliza unakaa wapi. Ukasema nyuma ya tangi. Nikalitoa mapema, kwa makusudi. Likiivia hapa, ukifika kwako limeshapita, limekuwa gumu, lina matundu, mkwe wako hamezi. Kwa hiyo mimi napika nusu ya njia. Nusu nyingine linajipika lenyewe ndani ya kikombe, kwa joto lake, wewe ukitembea. Sina viti, mzee. Kila ninachopika lazima nikipikie na njia yake."

Upinzani alitafuta cha kupinga, akapekua kila mfuko wa kichwa chake. Hakupata. Yale maswali yaliyomuudhi, unakaa wapi, unatembeaje, hayakuwa maswali ya ofisi. Yalikuwa viungo.

Akaona tena benchi la ukumbini. Pale hakuna aliyemuuliza swali hata moja. Hakuna aliyetaka kujua huyu mama ni wa nani, anatoka mbali kiasi gani, amebakiwa na muda gani.

"Niko radhi kulipa tena," akasema kwa sauti ndogo.

"Utalipa. Mayai hayatagwi na serikali." Nyuma ya ukungu wa miwani palikuwa na kitu kama kicheko. "Sasa niambie vizuri. Nyuma ya tangi, njia iko wazi?"

"Kuna mtaro. Wameuchimba wakauacha. Inabidi upite ubaoni, taratibu."

"Ulipaswa kuniambia habari ya mtaro."

"Mama, mimi kila siku nawaambia watu habari ya mtaro. Wewe ndiye wa kwanza kunisikiliza."

Uso ukaondoka, mikono ikarudi. Kupasua, kukoroga, kuchuja, kulivunja povu. Upinzani aliinama muda wote na mgongo wake haukulalamika. Zamu hii alipokea fundo kwa mikono miwili, kama anavyopokewa mtoto.

"Usifungue," ikasema sauti. "Atakayekula ndiye afungue."

Sasa hapo ndipo safari ilipoanza. Mtu aliyetumia nusu ya umri wake kufunua mambo ya wakubwa alitakiwa kubeba kitu asichokiona, kilichotengenezwa na mtu aliyetukanwa naye, na asikikague. Joto lilipita kwenye taulo likaingia viganjani. Alihisi, au alidhani anahisi, kitu kikituama mle ndani. Alitembea na magoti laini. Mbwa alimbwekea, hakumtukana.

Kinyozi, aliyekuwa amesimama nje ya kibanda chake bila mteja, alimwona.

"Upinzani! Umebeba bomu?"

"Yai."

"Yai moja mikono miwili? Uchumi umefika huko? Funua tuone!"

"Sifunui."

"Wewe? Wewe unayefunua hadi uchafu wa mfereji? Dunia imekwisha!"

"Likifunuliwa haliivi," Upinzani akasema, akasikia mwenyewe jinsi maneno hayo yalivyokuwa ya ajabu, akapita.

Ubaoni alisimama. Ubao ulikuwa na tabia ya kuyumba katikati. Akavua kandambili, akaziacha hapo, akavuka peku, unyayo kwa unyayo, mikono imetangulia mbele ya kifua. Maji ya mtaro yalikuwa meusi chini yake. Kwa mara ya kwanza alivuka bila kuwataja manispaa. Hakuwa na pumzi ya kuwapa.

Nyumbani alikohoa kabla ya kusogeza pazia, kama heshima inavyotaka. Mama alikuwa amelala akitazama ukuta.

"Mama, kaa kidogo. Nimeleta kitu."

"Nimeshiba, ba..."

"Najua umeshiba. Usile. Fungua tu. Mwenyewe aliyekipika amesema ufungue wewe, mimi nimekatazwa."

Udadisi ni kitu cha mwisho kumtoka binadamu. Bibi aliegemea mto, akaangalia fundo. Vidole vyake vikavu viling'ang'ana nalo, vikashinda. Taulo likafunguka. Akainua kifuniko.

Mvuke ulipanda, mwembamba, ukapita mbele ya macho yao. Ulipokwisha, wote wawili waliinamia kikombe.

Hakikuwa kimiminika, na kukiita kigumu ni kusingizia. Kilikuwa kimejaa kikombe kwa usawa, rangi ya asubuhi kabla jua halijatoka, bila tundu, bila ufa, bila povu hata moja. Mwanga wa dirisha ulikuwa umelala juu yake wote. Mama alipopumua, uso ule ulitetemeka, mara moja, kisha ukatulia, kama kitu chenye uhai kilichosikia jina lake. Upinzani amefanya kazi kwa mikono tangu utoto. Alijua kazi nzuri akiiona: mshono usioonekana, kisigino kisichoinama. Hajawahi kuona kitu kilichokamilishwa kikiwa hakuna anayekitazama. Alikuwa amekibeba yeye mwenyewe, kikiumbika ndani ya mikono yake, na hakujua.

"Kimetengenezwa na nani?" mama akanong'ona.

"Na mtu mmoja tu. Na njia."

Akatia kijiko. Hakukusikika kitu. Kijiko kilizama kama kinazama kwenye kivuli, kikatoka na kipande kinachotikisika. Akakiingiza mdomoni, akafumba macho.

Upinzani alisubiri aone koo. Koo lilipanda, likashuka.

Mama hakufumbua macho. Alikaa hivyo hadi Upinzani akaogopa. Kisha kijiko kikarudi chenyewe kikombeni, kikachota tena. Na tena. Alipofika katikati, nyusi zikainuka. "Kuna kitu huku chini!" akasema, kwa sauti ya msichana aliyeokota shanga. "Baba, ameficha uyoga. Na kamba, wadogo wadogo. Amewakata kwa ajili yangu. Amejuaje?"

"Aliuliza."

Mama akachota kijiko kingine, lakini hiki hakukipeleka kwake. Alikinyoosha kuvuka upande wa pili.

"Na wewe."

"Mama, hicho ni chako."

"Unadhani sikuoni? Nyuma ya pazia nasikia kila kitu. Tangu mwanangu aondoke sijasikia ukitafuna."

Akala. Chumvi kidogo, bahari, moshi, na yai ambalo halikuwa yai bali kama vile mtu ameambiwa neno jema akiwa amelala nusu. Lilitoweka kabla hajajua kama ameshameza. Alikaa chini, sakafuni. Hakulia. Alishangaa tu, mdomo wazi kidogo, mzee mzima ameshikwa na mshangao kama mtoto aliyeonyeshwa mwezi.

Siku iliyofuata muuguzi alifika na mkoba wake, mrija ukiwa ndani, na karatasi ya kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa. Mlango ulikuwa wazi, kitandani hakuna mtu. Akaogopa lililo baya. Kisha akasikia kelele jikoni.

"Nimekwambia usipige mayai, baba! Koroga!"

"Si nakoroga?"

"Hivyo ni kukoroga au kufua?"

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha marehemu, khanga begani, akisimamia jiko kama askari wa barabarani. Kikombe cha chai kilikuwa kimetolewa kwenye sufuria ya mvuke muda si mrefu. Ndani yake palikuwa na yai lililovimba, lenye matundu mengi kama sifongo la kuogea, maji yamejitenga pembeni. Upinzani alikuwa anakitazama kwa huzuni ya fundi.

"Sista, karibu," akasema. "Tumeshindwa vibaya mno. Njoo uone jinsi ambavyo yule mama si mtu wa kawaida."

Muuguzi akaangalia kikombe, akamwangalia bibi, akashika mkono wake na kuifinya ngozi kama juzi. Ngozi ilirudi polepole, lakini ilirudi.

"Amekula nini?"

"Jana yai la Japani. Leo asubuhi uji, madonge yote. Sasa anakula hili."

"Hili?" Muuguzi akacheka licha ya kazi yake. "Bibi, unaweza kulimeza hili kweli?"

Mama alikuwa ameshachota. Alimeza kwa shida, macho yakamtoka, akajipiga kifua, kisha akapangusa mdomo kwa ncha ya khanga.

"Baya," akasema, akachota tena. "Kesho tutapunguza moto."